Dakika Ishirini na Sita

Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
goti limechubuka, nywele nimekatwa vibaya na shangazi,
na Kutaisi nzima imebanana katika ukumbi mmoja
kwa kuwa filamu ilipigwa hapa hapa, mtaani kwetu,
na kila mtu alitaka kuuona mlango wake.

Unaikumbuka. Iya anajifunza kuogelea katika mto Rioni.
Guram amemwekea kiganja chini ya tumbo, anamwelekeza,
kisha siku moja anakiondoa bila kumwambia.
Ndivyo tulivyojua kwamba utoto umekwisha:
hakuna aliyetangaza.
Mwishoni treni inaondoka. Guram hageuki.
Tunaona kisogo, kola iliyokunjika,
basi. Giza.

Kisogo kile nimekipenda miaka thelathini na minne.
Nilipoachwa nilijiambia, hageuki yule.
Nilipoondoka mimi kwenda Tbilisi, nami sikugeuka,
shingo ikaniuma hadi Zestaponi.

Sasa Jumber, mwongozaji, mzee wa miaka themanini na mmoja,
amefungua makopo ya mikanda yaliyolala chini ya kitanda chake
akarudisha dakika ishirini na sita.
"Hii ndiyo niliyoitaka," alisema jukwaani,
fimbo mkononi, maikrofoni ikipiga mluzi.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Jumber alikuja na ndoo na kitambaa.

Sasa tunajua baba yake Iya alikwenda wapi.
Hatukuwahi kuuliza; kiti kitupu kilitutosha.
Sasa kuna barua, na sauti inayoisoma barua,
halafu mvua, halafu barua tena.
Kiganja kinapoondoka chini ya tumbo
kamera inazama majini kutuonyesha kiganja,
kama mtu anayekueleza kichekesho ulichokwisha kukicheka.
Na treni, ee Jumber, treni!
Guram anageuka.
Anageuka, analia, anapunga mkono.
Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema "A-a," taratibu,
kama mtu aliyekuta kufuli la nyumba yake limebadilishwa.

Ningeishia hapo. Ningekwenda zangu na hasira yangu,
safi, imepigwa pasi.
Lakini kwenye dakika ya arobaini na tatu
kuna soko. Zamani halikuwepo.
Iya anapita kati ya matango na jibini,
na kushoto, nyuma ya mizani,
mwanamke wa aproni ya bluu anajipangusa mikono,
anaitazama kamera (bila shaka walimkataza),
anacheka, anaziba mdomo.

Mama.

Miaka nenda miaka rudi alisema, "Mimi nimo kwenye ile filamu."
Nasi: ndiyo mama, umo, hebu lete chumvi.
Baba alimtania mbele za watu, harusini kwa dada.
Hata padri alikijua kisa, akawa anatabasamu.
Lini aliacha kusema, sikumbuki.
Hakuna aliyetangaza.

Sekunde nne. Nimezihesabu kwa vidole gizani.
Mkasi uliotupa kile kisogo
ndio uliomtoa mama sokoni,
na mimi nimeusifu mkasi huo tangu utotoni,
nimeusifu mezani, yeye akinisikiliza, akimenya viazi.

Wiki hii nimekwenda mara tatu.
Bidzina wa tiketi haniulizi tena chochote.
Nakaa safu ya tano, kushoto, upande wa mizani.
Sijabadili neno: filamu ameiharibu, mzee yule,
ameinenepesha, ameitia sukari hadi meno yanauma.
Mama anacheka. Anaziba mdomo.
Navumilia barua, navumilia mvua,
kisha nachukua koti langu kabla ya treni.

Nje kuna baridi. Navuka Daraja Jeupe,
mbao zinagutaguta chini ya viatu.
Kwa saa yangu, ni sasa hivi
Guram anageuka.
Simwangalii.