Kwa Akeyo, Siku ya Kwanza ya Kazi

Nawa kwanza. Salamu zitangoja.
Kibuyu mchirizi kiko pale uani,
ukikanyaga kijiti kinatoa machozi;
sabuni nimeitoboa nikaitundika kwa kamba,
maana kipande cha kwanza panya walikibeba.

Saa kumi na mbili na nusu mama zao wanaingia,
wanawahi mgongo wazi kabla haujaisha;
Obunga yote inanuka mafuta ya kukaangia.
Usimbandue mtoto mgongoni kama mzigo wa kuni.
Chutama. Macho yako yafike usawa wa macho yake.
Mwite kwa jina. Si "wewe", si "katoto":
huyu ni Ranginya, yule ni Namarome,
na huyo anayeuma ni Bosibori, hana ubaya,
jino linamtoka.

Muulize mama amelalaje, amekula nini.
Leso yake aiache. Usiifue.
Saa tano mtoto akianza kumtafuta mama kwa pua
mfunike hiyo leso yenye shombo la sangara,
utaona anavyolegea.

Ukimbadilisha nepi, zungumza naye:
sasa nainua mguu, sasa maji, yana baridi kidogo.
Akisema "gaa", mjibu, "Gaa? Kweli?"
kisha nyamaza, mpe zamu yake.
Majirani watacheka kwamba unapiga soga na tumbili.
Waache. Maneno hupandwa kabla ya mvua.

Uji ni wimbi, na dagaa niliowasaga mwenyewe.
Akigeuza uso, ameshiba.
Pua ya mtoto haibanwi humu.

Unaiona ile chupa juu ya kabati, tupu,
niliyoitia kitufe chekundu?
Usije ukaitupa.
Mwaka ule nilikuwa na watoto kumi na tisa,
mkeka mmoja, kichwa kimoja.
Mwenzangu wa ng'ambo ya reli alinipa siri:
kijiko cha dawa ya mafua, saa tatu asubuhi,
na nyumba inakuwa kanisa siku ya Jumanne.
Nilisifiwa. "Kwa Syprose watoto hawalii."
Kweli, hawakulia.
Hadi siku ile Omuga, kaka yake Ranginya,
alipolala saa tatu akapitiliza saa tisa,
mvua ikamwagika juu ya bati kama kokoto za lori
na yeye hata ukope haukutikisika.
Nilimlaza kifuani. Nikahesabu.
Pumzi moja. Nikangoja.
Nikamwahidi Mungu vitu nisivyokuwa navyo.
Alizinduka jioni, akanitazama,
akacheka, Akeyo. Akanichekea mimi.

Mama yake sikumwambia siku ile.
Nilimwambia miezi miwili baadaye;
alinyamaza, akakaza leso, akaenda zake,
na mwaka wa nne akaniletea huyu mdogo.
Sijui kama ule ni msamaha
au ni kwamba shilingi hamsini hazina mlango mwingine.

Basi humu watoto wanalia.
Walie, lakini asilie mtu peke yake.
Nimepunguza, wamebaki wanane, ndiyo maana nimekuita,
na ndiyo maana mshahara wako ni mwembamba.

Vifuniko vya chupa nimevishona kwenye kitambaa
wavichezee bila kuvimeza. Kila Ijumaa kagua nyuzi.
Jiko liko nyuma ya ubao; ubao haufunguliwi,
hata kama ni mimi nakuita nina haraka.

Na jioni akija mjomba usiyemjua,
awe na pipi, awe na jina la mtoto mdomoni,
mtoto habanduki hapa.
Akitukana, atukane. Matusi hayachubui.

Mikono imekauka?
Mlango huo unabishwa.
Ni Namarome, namjua kwa kikohozi;
muulize mama kimeanza lini.
Chutama.