Sabini na Tatu

Majaribio mia tatu na kumi na mawili,
yote kijani.
Nikafunga kompyuta, nikanunua mihogo ya kukaanga pale Kanyenye,
nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Asubuhi Bwana Lusangija amefika kutoka Sikonge.
Ndoo zake saba za asali zimekwisha kumiminwa pipani,
na risiti yetu anayo mkononi: kilo sifuri.
Hakupiga kelele. Aliiweka mezani,
akailainisha kwa kiganja kama anayempapasa mtoto mwenye homa,
akasema, "Mashine yenu haijui kulamba kidole."

Nikafungua jaribio la mzani.
Washa mzani. Soma uzito. Andika daftarini. Sema: tayari.
Kati ya kusoma na kuandika
mtu alisahau kiungo, zile alama mbili pacha
zisemazo: hii ikifaulu, ndipo ile.
Mzani ulishindwa kusoma.
Skripti ikasonga mbele hivyo hivyo,
ikaandika hewa, ikasema tayari,
na neno la mwisho ndilo linalopelekwa kwa hakimu.

Nadhani kosa hili tumelinyonya kwa mama.
"Ka" yetu ya hadithi haiulizi kitu:
akapanda mti, akateleza, akavunjika mguu, akarudi nyumbani,
akala.
Nani amewahi kumsimamisha msimuliaji
amwulize karudi kwa mguu upi?

Dada yangu Kalunde hukagua mabehewa stesheni.
Nilimkuta akitoa grisi vidoleni kwa sabuni ya unga,
treni ya Kigoma imechelewa.
Unajuaje, nikamwuliza, kwamba behewa la mwisho limeungwa?
"Kwa macho?" Akacheka. "Macho huona mpira umeshikana.
Hewa haionekani.
Dereva anakamata breki huko mbele, treni ikiwa imesimama,
mimi nakwenda mkiani kutazama geji.
Sindano ikishuka, tuko pamoja.
Isiposhuka kuna mahali tumekatika,
hata kama mabehewa yamepakwa rangi jana."
Yaani mnajisimamisha kwa makusudi?
"Afadhali hapa kuliko darajani Malagarasi."

Usiku ule nikaandika mkaguzi.
Kichwani mwa kila jaribio anapachika kushindwa kwa bandia,
namba ambayo hakuna amri yetu inayoitumia:
sabini na tatu.
Mnyororo ukiwa mzima, hakuna kinachotendeka baada yake,
na sabini na tatu inatokea mkiani kama ilivyoingia.
Ikitoka namba nyingine,
hasa ile sifuri yenye uso mtamu,
pameachia.
Haulizi jaribio linapima nini. Asali haijui, mzani haujui.
Anakamata breki, anakwenda mkiani, anatazama sindano.

Arobaini na moja.

Nikatafuta wa kumlaumu.
Moja la Mihayo, mawili ya kijana wa mafunzo,
thelathini na nane yangu,
ya mwezi wa tatu, nilipokuwa na haraka
na kujiona hodari.

Nimeyaunga moja moja. Kumi na sita, yalipoungwa tu, yakageuka mekundu:
yalikuwa yanashindwa tangu siku nyingi,
ila hayakuwa na njia ya kufikisha habari.
Meneja ameuliza tumeharibu nini.

Bwana Lusangija tulimwuliza uzito.
Akasema kilo mia na tisini na nne, bila kupepesa,
nasi tukalipa mia na tisini na nne,
maana upande wetu hatukuwa na shahidi.

Saa tano usiku nasikia kichwa cha treni kinanguruma bila kwenda.
Abiria wa madirishani watakuwa wanasonya,
wanauliza sasa tunangoja nini tena.
Mimi namjua wanayemngoja:
yuko mkiani, amechuchumaa kwenye kokoto,
tochi ameing'ata mdomoni.