Orodha ya Ijumaa

Mkuu wa chuo anataka majina kabla ya adhana ya Ijumaa,
walio chini ya arobaini, kwa herufi kubwa, na sahihi yangu.
Daftari ninalo. Muhula mzima nimelibeba kwapani
hata jalada limeshika jasho langu.

Esha Likwata: mshono una matundu.
Dadi Mchopa: matundu, tena umepinda.
Esha: matundu.
Bakiri Namkulala: hakuja. Kaja. Kasinzia.
Dadi: matundu.
Wino mwekundu umeniishia, nimeazima wa mhasibu.

Nilidhani kufuatilia ndiko huku kuandika.

Jumatano, vipindi vilipokwisha, nikapanda bodaboda hadi Mkuti.
Mawe ya mlima yalikuwa bado yanatoa pumzi ya mchana.
Shangazi yake Dadi alikuwa anabangua korosho,
vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda;
hakunipa mkono, alinipa kiwiko.
"Mtoto kafanyaje?"
Hajafanya kitu, nikasema, na hilo ndilo lililonileta.
Akacheka. Akanionyesha uani kwa kidevu.

Geti. Nondo kumi na mbili, na ua la chuma katikati.
Nikapitisha kidole gumba juu ya viungo, kimoja kimoja,
kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki wa mgeni.
Hakuna tundu. Mshono umelala
kama ukili wa mkeka uliosukwa na asiye na haraka.
"Kachomelea wapi?"
"Kwa fundi Anafi, sokoni. Jumamosi tatu tu."

Alhamisi, kabla ya kengele, nikashusha kioo usoni,
nikakaa anapokaa Dadi zamu ya mchana,
anapokaa Esha zamu ya asubuhi.
Mashine namba nne.
Moto ukaja, ukakohoa, ukaondoka
kama mdaiwa aliyekuona kwa mbali.
Nikagonga gome, nikapuliza.
Matundu.
Miaka kumi na tisa ya kazi, cheti kiko ukutani kwenye fremu,
na mshono wangu ni sega la nyuki.

Koleo la ethi limeliwa na kutu kwa ndani, jicho halifiki;
nyuzi mbili tatu za shaba ndizo zinazoshikilia umeme wote.

Na Dadi aliwahi kusema. Wiki ya pili alisema:
"Mwalimu, hii mashine inanikataa."
Nikamtupia ile ya mcheza ngoma na uwanja mbovu,
darasa zima likacheka.
Kicheko kile sikukiandika popote.

Basi orodha yako hii, Mkuu.
La kwanza: AKUMBUKE NANYANJE, mkufunzi. Aliambiwa.
La pili: MASHINE NAMBA NNE.
Esha na Dadi watapimwa upya Jumatatu, kwenye namba moja,
na wakianguka hapo, wameanguka wenyewe.

Bakiri ndiye aliyenishinda.
Bakiri yuko namba mbili, mashine nzima, nimeijaribu mara tatu,
na macho yake hufunga kabla ya kioo kushuka.
Wenzake wanasema usiku hupakia magunia ghalani.
Wengine wanasema ni uvivu tu, Mwalimu, achana naye.
Mstari wake nimeuacha mtupu, kati ya la pili na sahihi.

Utaniuliza mbona pengo.
Sijafika Jida.