Mlalamikaji wa Nne

Kwenye faili la korti sina jina refu.
Mimi ni mlalamikaji wa nne.
Wa kwanza ni Tobias Oluoch, fundi wa kuchomelea,
wa pili Mama Ajwang', mwenye nyumba ya kona,
wa tatu amekatwa kwa kalamu nyekundu:
alifariki Februari, kesi ikingoja jaji mpya.

Tanuri lilizimwa miaka sita iliyopita.
Liliyeyusha betri kuukuu nyuma ya reli,
upande huu wa Kisumu usiopigwa picha.
Ukuta ungalipo. Lango wamelifunga kwa mnyororo
kana kwamba kilichomo ni cha kuibwa.
Kilichomo kilishatoka zamani,
kikapanda upepo wa ziwa saa tisa alasiri,
kikatua juu ya omena wangu walioanikwa kwenye magunia.
Nilidhani ni majivu. Nikapepeta, nikauza.
Hilo wakili ameliacha nje ya kiapo.
Nimemwomba aliandike.

Kliniki walituambia: mtoto ana risasi kwenye damu.
Nilimvua Apondi gauni palepale
nikatafuta tundu.
Muuguzi akanishika mkono. Si hiyo, mama.
Lakini Kiswahili hakikukosea, nimewaza tangu siku ile.
Ya bunduki ina mlio, majirani hutoka nje,
mtu huanguka na watu wakajua ameanguka.
Ya kwetu ilifyatuliwa miaka minane, mchana na usiku,
na waliopigwa wakaendelea kwenda shule.

Wakili Simiyu huongea kama mtu anayehesabu mbegu za kupanda.
Tunaweza kulalamika kwa mamlaka ya mazingira.
Tulilalamika. Walikuja watatu na gari jeupe,
wakachota udongo kwenye vichupa, wakanywa soda,
majibu yakafika masika ya pili.
Tunaweza kupokea pesa.
Jamaa wa kampuni alinivizia nikitoka kanisani,
bahasha mkononi, na karatasi yenye mstari wa sahihi:
sitadai tena, mimi wala kizazi changu.
Kizazi kipi, nikamuuliza,
hiki kinachosahau saba mara nane?
Akafungua mwavuli, na mvua haikuwapo.

Tunaweza kwenda kortini.
Ndipo tulipo: benchi la tatu, chini ya feni iliyokufa.

Wakili wao ana sauti laini kama mafuta ya kujipaka.
Tumechelewa, asema, muda wa kudai umekwisha.
Nimehesabu kwa vidole ndani ya leso.
Damu tulipimwa mwaka juzi.
Nilale na mwizi nisiyemwona,
halafu niulizwe mbona sikupiga kelele?

Simiyu akasimama. Akasoma Katiba, kifungu cha sabini:
anayedai mazingira safi
halazimiki kuonyesha kwamba yeyote amepata hasara
au ameumia.

Sikusikia kingine.
Miaka mitatu nimemburura Apondi ofisi hadi ofisi
kama risiti, mshipi umelegea, soksi moja,
hebu mwonyeshe afande, hebu mhesabie daktari,
nyoosha mkono waone unavyotetemeka.
Na sheria ilikuwa pale, imechapwa,
haimtaki mtoto wangu awe ushahidi.
Nilicheka. Karani akanitolea macho.
Nilikuwa silii, jamani, nilikuwa nacheka.

Imeahirishwa hadi Oktoba.

Nyumbani tulifundishwa tusifagie pakavu;
kwanza unyunyize maji, vumbi lilale.
Maji ni shilingi ishirini mtungi.
Hilo nalo, Simiyu, litie kwenye faili:
mtungi mmoja, mara siku za mwaka, mara miaka.
Apondi ameshika penseli mlangoni,
amepata jibu, amelifuta,
anaanza upya.
Msimharakishe.
Korti imengoja mengi. Na hili itangoja.