Sifuri Kwanza

Kazi yangu ni mizani. Nazunguka
Mwaloni, Igogo, mpaka machinjioni,
na kisanduku cha mawe ya shaba: kilo tano, mbili, moja,
nusu, robo, na lile dogo la gramu kumi
linalolala kwenye pamba kama jino la mtoto.
Mwenye dagaa haniamini, mnunuzi haniamini,
jiwe wote wanaliamini.

Juni niliirekebisha mizani ya wodi ya vichanga, Bugando.
Nikabandika stika, nikasaini: Luhende.
Julai wakamlaza binti yangu juu yake.
Gramu mia tisa na kumi.
Mwingine angesema mizani imekosea.
Mimi sina hata hilo.

Siku tatu.
Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka
kila nikishika lile jiwe dogo.
"Tafuta mtu uongee naye," akasema Nyamizi, mke wangu.
Mtu! Kana kwamba Mwanza imepungukiwa watu.

Wa kwanza, Nyegezi, akaniambia mwanamume ni jabali:
tazama mawe ya mji huu, yamebebana
tangu enzi na enzi, umewahi kuyasikia yakilia?
Nikayatazama. Kweli, hayalii.
Ila hayajawahi kuzika.

Wa pili aliniwekea kiganja utosini, akakemea
mpaka jasho lake likanidondokea shingoni.
Nikaanguka kwa adabu tu,
maana waliosimama nyuma yangu
walikwisha kunyoosha mikono ya kunidaka.

Wa tatu, Kapripointi: zulia, kiyoyozi, ziwa zima dirishani,
vyeti vinne ukutani, dakika hamsini kwa saa ya mezani.
Arobaini alinisimulia talaka yake.
Nikamwonea huruma. Nikalipa.

Wa nne sikumtafuta.
Nilikwenda zahanati ya Kisesa kupima mizani yao,
mama mmoja akauona mkono wangu, akanisogezea kiti
katika chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua.
Mshauri nasaha, kibao kilisema, Misoji.
Kwa Kisukuma, Machozi. Nikacheka
kicheko kikavu; naye akacheka, amezoea.

"Unaanzaje?" akauliza.
"Nini?"
"Mizani. Kabla hujaweka jiwe."

Nikamweleza, hilo nalijua. Unaondoa kila kitu.
Unapuliza vumbi, unabandua magamba ya sangara
yaliyokaukia pembeni, unangoja mshale utulie.
Usipotulia kwenye sifuri, chochote utakachoweka ni uongo.
Wengi huweka mzigo wa leo
juu ya uchafu wa jana, nikasema,
halafu nikajisikia nilivyosema.

Hakuniambia, "Umeona?"
Hapo ndipo nilipomwamini.
Alinyamaza, wala si kimya cha mtu
anayetafuta neno la kufuata. Nje
muuza maandazi alipita, akarudi, akapita tena.

"Mlimwita nani?"

Miezi mitano. Kaka zangu, shemeji, wachungaji, mafundi wenzangu,
hakuna aliyeuliza hilo.
"Kabula," nikasema, "ingawa Julai hainyeshi."
Akalitamka taratibu, mara moja:
Kabula. Kama mtu apokeaye kitu kwa mikono miwili.

Sikulia siku ile. Nililia baadaye,
Igogo, mbele ya mwenye bucha
aliyedhani nimemkuta na jiwe la wizi,
akaanza kuniomba radhi.

Nyumbani Nyamizi akauliza, "Amekushauri nini?"
"Hajanishauri kitu."
"Na umelipa?"
"Nimelipa nauli tu."
Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Mkono bado unatetemeka, asubuhi hasa.
Nangoja, kisha nasoma.
Niliporudi mara ya tatu Misoji alisema,
ukipenda, njoo na mwenzako.
Nikamfikishia Nyamizi maneno hayo usiku, taa imezimwa.
Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amelala.

"Huyo mama," akasema gizani,
"atalitaja jina na mbele yangu?"