Mfuaji

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Watu wasiofua.

Ya sinema hupikwa jikoni kwa Potitsa:
sukari, rangi nyekundu, kijiko cha kakao
ili mbele ya kamera isionekane sharubati.
Jioni hunifikia mimi,
majoho kumi na sita ndani ya beseni la plastiki,
na nyuki nyuma yake.
Naanza na maji baridi. Ya moto huipika damu, ikang'ang'ania uzi.
Hii ya sukari ingetoka kwa maji yoyote,
ila mkono una mazoea yake.

Walifika Machi na malori saba.
Wakaupaka chokaa mnara wa kina Ligoros, wakauita kasri.
Mwongozaji, kijana wa Athene mwenye kikohozi,
alitukalisha juu ya mawe akatusimulia:
mfalme kauawa na mkewe akioga,
mwana karudi kwa jina la mgeni,
dada mtu kamfichia shoka miaka yote hiyo.
"Ni mambo ya kale," alisema, "kabla ya mahakama."
Potitsa akanikanyaga nisicheke.

Wajane kumi na wawili tumekodiwa tulie.
Yuro arobaini kwa siku, na chakula cha mchana.
Tulipolia kama tuliavyo huku Mani
fundi wa sauti alivua visikizi vyake, akavishika mkononi.
"Punguzeni kidogo," mwongozaji akasema.
"Haiaminiki."

Mara saba nimemwona mwana akimuua mama yake.
Mara saba mama akainuka, akaomba sigara.

Kaka yangu Dikeos hakuinuka.
Ugomvi ulikuwa wa zamu ya maji, saa mbili tu za mfereji,
mwaka ambao hata mizeituni ilikunja majani.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Shati lake mama alikataa lisifuliwe.
Alilitundika juu ya meza
ili baba mdogo alione kila amegapo mkate.
Alilitazama miezi mitatu.
Kisha akapanda meli, akaenda Melbourne,
akauza samaki wa kukaanga, akafa kitandani kwake, mnene.
Mama hakulitaja jina lake tena.
Mimi nilimwandikia kila Pasaka, kwa siri,
na hadi leo sijui kama nilikuwa namshukuru.

Jana binti wa mavazi alikuja kwangu
akitafuta kitambaa kilichochakaa chenyewe.
Nikamfungulia sanduku.
Alipita mablanketi, akapita shela, akalifikia.
Akalinyoosha dirishani:
doa la rangi ya chai iliyolala, kingo zake zimekauka kama ganda.
"Hapana, bibi," akasema kwa upole.
"Damu haiwi hivi."

Alipoondoka nililitumbukiza.

Sikuwa nimepanga. Beseni lilikuwa pale, maji yalikuwa pale,
joho la malkia limeshatoka jeupe kama halijawahi kuua.
Nilisugua hadi vidole vikafa ganzi.
Doa halikutoka. Likafifia tu, likapanuka kidogo,
likawa kama ramani ya kisiwa ambacho hakuna anayekidai.
Nikalianika, mwisho wa kamba, baada ya walinzi.

Nikiforo ndiye hufuata nguo, na pikapu ya babu yake.
Kwenye sinema ni maiti: wa tatu kutoka mlangoni.
Babu yake ndiye aliyekuwa mfereji ule.
Hatujawahi kulisema. Kijiji kina nyumba thelathini;
ya nini kusema?

Alikusanya majoho, akiyahesabu kwa midomo.
Akafika kwenye shati.
Upepo ulikuwa umeangusha kibanio kimoja,
mkono mmoja wa shati unaburura vumbi.
Alisimama.
Mwongozaji angeridhika na kusimama kule,
angehesabu sekunde, angesema usipepese.

Kisha akainama, akakiokota kibanio,
akakipuliza mchanga,
akaubana ule mkono mahali pake.

"Hili si letu," akasema.
"Si lenu," nikasema.

Akawasha gari.