Mcheza Kwao

Reijo hajawasha gari.
Theluji inatambaa juu ya kioo,
ngoma zimelala nyuma kwenye mablanketi kama wagonjwa,
na bahasha iko mapajani mwa Odile.
"Themanini," anasema. Haifungui mara ya pili,
maana noti nne haziongezeki kwa kutazamwa.

Dola ishirini kila mtu.
Toa mafuta, Thunder Bay hadi Nipigon na kurudi.
Toa uzi wa gitaa uliokatika wimbo wa tatu.
Toa yaya wa Darcy, anayelipwa kwa saa
na ambaye leo, tukipiga hesabu vizuri, ametushinda sote.
Reijo, mpima magogo kiwandani, anatoa kwa sauti,
na kila anapotoa anagonga usukani, ti,
hajui kwamba anatupigia mwendo.

"Mtajulikana," alituambia mwenye baa.
Mwaka wa nne huu tunalipwa neno hilo.
Tumejulikana na mbwa wake.
Tumejulikana na bwana wa meza ya dirishani
anayeagiza kila mara wimbo tusioujua
na kununa tukimaliza tunaoujua.
Mwenye nyumba wangu, tarehe mosi,
hajaniuliza hata siku moja:
mwezi huu umejulikana kiasi gani?

Mcheza kwao hutunzwa.
Sawa. Na kwetu ni wapi kama si hapa?
Mwenye baa alikaa dawati moja na Reijo,
walipasuka midomo pamoja kwenye mpira wa magongo wa barafuni.
Fundi wa mabomba akija kumzibulia choo
hamwambii, "Zibua tu, watu wakuone."

Darcy haongei sana; akiongea anakata.
"Tukikubali themanini, vijana wa Geraldton
wataambiwa sabini, na watashukuru.
Bei yetu si yetu peke yetu."
Gari zima kimya.
Nasikia kodiani yangu ikishusha pumzi ndani ya kasha,
au ni mimi.

Kwa sababu mimi sijasema bado.
Sijasema kwamba wimbo ule wa tatu
umetugomea tangu Machi kwenye gereji ya Reijo,
tumeubembeleza, tumeutukana,
na leo uzi ulipokatika, pa!
Odile hakusimama. Alishuka kwenye nyuzi nene,
Darcy akamfuata bila kumtazama,
nami nikaacha pengo pale nilipozoea kujaza,
na wimbo ukafunguka kama mlango tuliousukuma miezi yote
kumbe ni wa kuvuta.
Walikuwepo watu kumi na mmoja. Niliwahesabu.
Mhudumu alisahau mkono kwenye bomba la bia, povu likamwagika.
Gereji isingetupa hiyo.
Sasa nani amdai nani?

Lakini hoja hii ni ya hatari, naijua:
mwenye baa akiisikia atatutoza kiingilio.

"Saa hizi ungekuwa nyumbani unafanya nini?" Odile ananiuliza.
"Ningekuwa nimelala."
"Usingizi nao una bei," anasema Reijo,
na anafungua mlango, na baridi inaingia badala yake.

Tunamwona kupitia dirisha la baa.
Mikono yake inapanda. Mwenye baa anacheka,
kisha hacheki.

Anarudi na chipsi ndani ya karatasi, mvuke ukimtangulia.
"Nimemwambia mia mbili, la sivyo amfundishe mbwa kuimba."
"Akasemaje?"
"Atafikiri."

Tunakula. Chumvi, siki, vidole vyenye alama za nyuzi.
Hakuna aliyesema ndiyo. Hakuna aliyesema basi.
Ila kioo kimeshika ukungu wa pumzi zetu,
na Darcy, huyu huyu aliyetaka tugome,
anaandika juu yake kwa kidole chenye mafuta
mpangilio wa nyimbo za Jumamosi ijayo.
Ule wa tatu ameuweka wa kwanza.